Mfuko wa Jambia

Bi Pindo alikuwa hakati kitambaa mpaka amhoji mwenye nguo. Urefu na upana hata fundi wa jana anauliza. Yeye alitaka kujua kama unakaa sana au unasimama sana, kama ukicheka unajishika kiuno, funguo zako unaziweka wapi, na kama una jambo ambalo hupendi watu walione. Wateja wapya walidhani wamekosea mlango wakaingia kituo cha polisi. Wa zamani walishamzoea, wakawa wanajibu huku wameinua mikono juu, naye akiwazungushia tepu kifuani. Jina lenyewe alilipata kwa sababu ukikutana naye barabarani macho yake huanzia chini, kwenye pindo la nguo yako. Akishalikagua ndipo anapanda kukutazama usoni na kukusalimia, kama pindo limempendeza.

Basi siku Mwalimu alipoingia na rundo la karatasi kwapani, akasema anataka mavazi ya watu sita wa mchezo wa kuigiza, Bi Pindo hakuuliza ni lini wala vitambaa vya rangi gani. Alimsogezea kigoda.

"Hao watu sita ni kina nani, na wana shida gani?"

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha fasihi, lakini fasihi haikuwa imemstaafu yeye. Ndiye aliyeanzisha kikundi cha maigizo cha mtaa, na kila mwaka kikundi kiliigiza vichekesho, watu wakacheka, wakaenda zao. Mwaka huu alikuwa ameapa kwamba watu watalia. Alikuwa ametoa kabatini tanzia ya kale ya kisasi, ambayo kati ya watu wake sita watano wanakufa, na wa sita anaachwa hai ili apatikane wa kuwazika.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Malkia alimfungulia adui lango la mji, kaka yake aliyekuwa mfalme akauawa, na Malkia akakalia kiti. Binti wa marehemu akala yamini kwamba atamlipizia baba yake. Akajibadilisha sura, akaingia ikulu kama kijakazi, na kwa miaka saba akawa anammiminia shangazi yake kinywaji huku jambia limefichwa ndani ya nguo. Mwaka wa saba, kwenye karamu, anamchoma. Baada ya hapo wanakufa wengine, kwa sababu ambazo Mwalimu alizieleza kwa bidii sana na Bi Pindo hakuzishika hata moja.

"Jambia linakaa wapi?" aliuliza.

"Kwenye mkono wa nguo."

"Miaka saba?"

"Miaka saba."

"Na kila siku wako chumba kimoja, yeye na huyo shangazi?"

"Kila siku."

"Sasa anangoja nini?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa shati. Alisema hilo ndilo swali lenyewe, kwamba wasomi wamelizunguka tangu enzi na enzi. "Ni hatima, Bi Pindo. Ni mgogoro wa nafsi."

"Hatima haina mfuko. Mimi nauliza ili nijue pa kushona."

Hapo Mwalimu akakiri kwamba hata mazoezini swali hilo lilikuwa limewakwamisha. Anayeigiza Binti ni daktari wa meno, kijana hodari, sauti anayo, kumbukumbu anayo, lakini kusubiri haelewi. Yeye jino likioza analing'oa asubuhi hiyo hiyo. Mpe jambia katika sehemu ya kwanza, mwambie amchome mtu katika sehemu ya tano, na hizo sehemu tatu za katikati anamimina kinywaji kwa haraka kama mtu aliyeacha mgonjwa kitini amefungua mdomo.

"Na Malkia?" Bi Pindo aliuliza.

Mwalimu akaanza kupanga karatasi zake, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Malkia tumempata mzuri sana. Ana sauti. Ana, nini, ana utulivu wa kutisha. Ni dada yako."

Lazima hapa nieleze habari za msumari.

Ukutani, juu ya meza ya kukatia, palikuwa na msumari ambao haukutundikwa kitu. Kwingine chumbani mle kila sehemu ilikuwa na kazi: vitambaa mpaka darini, mwanasesere asiye na kichwa mlangoni, makopo ya vifungo dirishani. Msumari peke yake ulikuwa mtupu, na mteja akijisahau akatundika mkoba wake hapo, Bi Pindo aliuondoa bila kusema neno. Ulikuwa msumari wa mkasi wa mama yao. Mama naye alikuwa fundi, katika chumba kilekile, na mkasi wake ulikuwa mkubwa, mzito, wa chuma cheusi, na tundu la kidole gumba alilizungushia kitambaa chekundu kwa sababu lilikuwa likimchubua. Binti mdogo alikaa na mama akajifunza kazi. Binti mkubwa alipelekwa shule akawa karani katika ofisi ya vizazi na vifo. Mama alipofariki, siku ya tatu baada ya mazishi, Bi Pindo aliingia chumbani akakuta msumari mtupu. Mkasi ulikuwa umechukuliwa na dada mtu, ambaye kifungo kikikatika anakibana kwa pini.

Hakuuliza, na dada hakusema. Ikapita wiki, halafu mwaka, halafu miaka kumi na mmoja. Walikaa mji mmoja, mitaa mitatu baina yao, na Bi Pindo alikuwa ameyafundisha macho yake kumruka dada huyo sokoni kama unavyoruka dimbwi. Kinyongo alikitunza vizuri. Kila asubuhi alikitazama pale msumarini kabla hajawasha pasi.

"Nitamshonea," alimwambia Mwalimu.

Mwalimu, aliyekuja amejiandaa kubembeleza mpaka jioni, alibaki na maneno mdomoni. "Basi nitamwambia apite umpime."

"Vipimo vyake ninavyo."

Na kweli alikuwa navyo, katika daftari la vipimo, ukurasa wa gauni la msiba wa mama. Kifua inchi arobaini na sita. Alipobaki peke yake alilifungua daftari, akaweka kidole kwenye tarakimu ile, na wazo likamjia kamili, na mishono yake yote. Malkia katika karamu husimama na kuinua kikombe kwa mikono miwili. Gauni likibanwa nusu inchi kifuani, na pande zote mbili za ubavu zikashonwa kwa ule uzi dhaifu wa kushikizia, ambao fundi huupitisha kwa muda tu na baadaye kuufumua, basi mikono ikipanda juu, gauni litafunguka kuanzia kwapa mpaka nyonga mbele ya mji mzima. Karani wa vizazi na vifo, aliyeandika kila aliyezaliwa na kila aliyekufa mjini, watamwona shimizi. Bi Pindo alicheka peke yake mpaka jirani yake, mchonga funguo, akagonga ukuta kuuliza kuna heri gani.

"Namfikiria mteja," alisema Bi Pindo.

"Mimi pia ninaye mmoja," alijibu mchonga funguo kupitia ukutani. "Mama mzima, anachongesha funguo ileile kila baada ya miezi michache. Sijui milango yake inazila!"

Wiki iliyofuata Bi Pindo alikwenda ukumbini kumjaribishia Daktari mkono wa nguo. Viti vilikuwa bado vimekunjwa ukutani. Jukwaani, Malkia alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, kwa kuwa kiti cha enzi kilikuwa bado kwa seremala, amejitanda shali kubwa juu ya nguo za kazini. Bi Pindo alimwona pindo tu. Upande wa kushoto lilikuwa limefumuka na uzi unaning'inia. Akajikaza asiseme.

Daktari alikuwa amemaliza kumimina kinywaji kwa mara ya nne na Mwalimu alikuwa amemaliza kushika kichwa kwa mara ya nne.

"Mwalimu, mimi nimechoka na huyu msichana," Daktari alisema. "Jambia analo, adui yupo hapa, mlango umefungwa. Achome twende nyumbani! Yeye anamimina tu. Ni mlipiza kisasi au ni mhudumu wa hoteli?"

"Ni mgogoro wa..."

"Mgogoro gani, Mwalimu? Miaka saba!"

"Leta mkono," alisema Bi Pindo, akapanda jukwaani na pini midomoni. Aliugeuza mkono wa nguo nje ndani, ili Daktari aione bitana. "Wewe unaona nguo ya juu. Mimi natazama huku ndani. Jambia ni chuma. Chuma kikikaa kwenye mkono miezi mitatu, kinakula bitana, kinatoboa. Miaka saba, bitana hii imetoboka mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nani alikuwa anaiziba?"

Daktari alifikiri. "Mwenyewe. Ni siri yake, hawezi kumpa fundi."

"Ehe. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu huyu binti anajifungia mlango, anatoa jambia, analiweka magotini. Anatunga uzi. Anaziba bitana, polepole, vizuri. Halafu analirudisha palepale. Sasa nikuulize, mtu anayetaka kuua, bitana ikitoboka anashona?"

Mfamasia, ambaye aliigiza mwanajeshi na kufa mapema, alikuwa ameacha kula karanga.

"Anayetaka kuua anaua," Bi Pindo aliendelea. "Huyu amelizoea jambia lake. Ndilo analoamkia. Akishamchoma shangazi yake leo, kesho ataamka afanye nini? Kwa hiyo unapomimina, mwanangu, usimtazame Malkia kwa hasira. Papasa mkono wako kidogo tu, kama mtu anayehakikisha funguo yake ipo. Basi."

Daktari alichukua birika. Alimimina polepole, na katikati ya kumimina vidole vyake vikagusa mkono wa nguo, vikatulia, vikaondoka. Mwalimu alikaa chini kwenye sakafu. "Miaka arobaini nimefundisha mchezo huu," alisema, "na jibu lilikuwa kwenye bitana."

Hapo ndipo Malkia aliposema. Hakumwambia Bi Pindo, alimwambia Mwalimu.

"Na Malkia je, Mwalimu? Miaka saba kijakazi anapapasa mkono mbele yake, yeye haoni?"

"Haoni," alisema Mwalimu, amefurahi kupata swali analolijua. "Ni upofu wa madaraka."

"Mm," alisema Malkia, akajizungusha kidogo na kiti chake.

Ungedhani fundi aliyesema maneno yale angerudi nyumbani akayasikia mwenyewe. Aliyasikia. Njia nzima yalimfuata, na alipofungua mlango macho yalikwenda msumarini, na moyo ukamwambia, na wewe je, utaamka ufanye nini? Akaona aibu. Halafu akaketi kwenye cherehani akalishona gauni la Malkia, na ubavuni akapitisha uzi wa kushikizia, kulia na kushoto. Kuelewa jambo na kuliacha ni kazi mbili, na yeye siku hiyo alikuwa na nguvu ya moja tu.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya onyesho, walifanya zoezi la mwisho wakiwa wamevaa. Mavazi yote yalikuwa yameletwa ukumbini. Bi Pindo aliketi mstari wa mbele, mikono magotini, akiwa na furaha mbaya ambayo hata yeye hakuipenda sana. Pazia likavutwa. Malkia akatokea.

Gauni lilikuwa linamvaa yeye. Mabega yalikuwa yameshuka kwenye mikono, kifua kimefanya mikunjo kama pazia la dirisha kubwa kwenye dirisha dogo, na pindo linafagia jukwaa. Ungeweza kumwingiza Mfamasia humo na karanga zake. Malkia aliinua kikombe kwa mikono miwili, juu kabisa, na ubavuni hapakuvutika hata uzi, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuuvuta.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa seremala wa kiti cha enzi. Halafu wote wakacheka.

"Bi Pindo!" alisema Mfamasia. "Hili umemshonea nani?"

Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Damu ilimpanda usoni. Lakini kabla aibu ya ufundi haijatulia, alijikuta anatazama kile ambacho alikuwa hajakitazama kwa miaka kumi na mmoja. Dada yake alikuwa amekonda. Shingo imebaki mishipa, viwiko vimetoka, na nywele za ukingoni mwa uso zimekuwa nyeupe kama za mama mwaka ule wa mwisho. Yote hayo yalitokea mitaa mitatu kutoka kwenye cherehani yake, na yeye alikuwa akikagua pindo. Moyo ulimwuma waziwazi, kama kidole kilichochomwa na sindano.

"Aje nimpime," alisema. "Wengine tokeni."

Walibaki wawili nyuma ya jukwaa, katika kichumba cha kubadilishia nguo, chenye kioo kilichopasuka na taa moja. Malkia alisimama na mikono juu. Bi Pindo alishika tepu. Kumpima mtu ni lazima umkumbatie kidogo, hakuna njia nyingine.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba. Imechelewa miaka kumi na mmoja, lakini nimeipokea."

Kifua kilikuwa inchi thelathini na saba. Bi Pindo aliisoma tarakimu mara mbili.

"Uliumwa?"

"Mwaka juzi. Nimepona. Sikutuma habari, ningesemaje?" Kisha, bila kushusha mikono, "Mdogo wangu, ubavuni hapa umepitisha uzi wa kushikizia."

Bi Pindo alijishughulisha na tepu.

"Mama alitufundisha wote wawili," dada aliendelea. "Mimi sikujua kushona, lakini uzi naujua. Niliuona nilipoanza kuvaa. Nikasema, aha, kumbe amebana kifua, anataka kunianika."

"Na ukavaa?"

"Nikavaa. Nikasema potelea mbali, lipasuke, watu wacheke, atakuwa amelipiza na tutakuwa tumemalizana. Kwa bahati mbaya nimekonda."

Haikuwezekana kutocheka. Walianza kwa pumzi za puani, kila mmoja akijizuia, mpaka Bi Pindo akalazimika kutema pini.

"Mwalimu hajui kitu," dada alisema akijifuta macho. "Malkia anajua. Tangu siku ya kwanza anajua yule ni nani na ana nini mkononi. Anamwacha ammiminie kwa sababu ukoo mzima umekwisha, na huyo ndiye mtu wa nyumbani kwao aliyebaki."

Bi Pindo aliinama akajifanya anapima kiuno, na alipopata sauti akauliza lile la miaka yote, "Kwa nini uliuchukua?"

"Nipe mkoba wangu."

Aliuchukua kutoka kwenye kiti. Ulikuwa mkoba mweusi wa ofisini, mzito kuliko mkoba wa karani unavyopaswa kuwa. Bi Pindo aliufungua na kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa mkasi. Alikiona kile ambacho jicho lake lilikuwa limezoea kutafuta. Bitana ya mkoba ilikuwa imetobolewa chini, ikazibwa, ikatobolewa pembeni, ikazibwa tena, uzi mweupe, uzi wa kahawia, uzi wa kufungia mafaili, kiraka juu ya kiraka, mishono mirefu na mifupi iliyokwenda kombo kama kuku aliyepita kwenye unga.

"Nani kakushonea hivi?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana."

Mkasi ulikuwa chini yake, na kitambaa chekundu kwenye tundu la gumba, kilekile, kimegeuka rangi ya kutu.

"Wewe ulipata miaka ishirini na mama," dada alisema. "Ulipata cherehani, wateja, ulipata mpaka namna yake ya kukohoa kabla ya kusema. Mimi nilipelekwa shule, nikapata cheti. Siku ile niliona mkasi ukutani, nikaona mahali pa kidole chake. Nikautia mkobani."

"Ungeomba."

"Ungenipa?"

Bi Pindo hakuwahi kudanganya kipimo. "Nisingekupa," alisema.

"Basi. Halafu nikaona vibaya, nikawa nakuja kuurudisha. Nafika mpaka kwa mchonga funguo, miguu inagoma. Naye ananitazama, sasa nimwambie nini? Nachongesha funguo. Nyumba yangu ina mlango mmoja na funguo thelathini na tatu."

Bi Pindo aliketi kwenye kigoda. Alipiga hesabu akapata tatu kwa mwaka, na kila mara ukuta mmoja tu kati yao. Ili asilie, aliufungua mkasi akajaribu kukata kipande cha kitambaa. Mkasi ulitafuna, haukukata.

"Dada. Umekatia nini huu mkasi?"

"Hakuna."

"Dada!"

"Karatasi kidogo. Wa ofisini ulipotea, na watu walikuwa wanangoja vyeti."

"Karatasi!" Sauti ilisikika mpaka jukwaani, na Mwalimu, aliyekuwa akitega sikio mlangoni, alijua sasa wanauana. "Mkasi wa mama umekatia karatasi! Miaka kumi na mmoja nimekukasirikia kwa sababu isiyofaa, kumbe sababu yenyewe ilikuwa hii!"

Alifumua gauni lote palepale, akalipunguza, akalishona upya kwa uzi imara, ubavuni mara mbili. Na kabla dada hajatoka alimrekebishia na lile pindo la sketi ya kazini, maana lilikuwa limemkera wiki nzima. Mkasi alikwenda nao nyumbani akaunoa. Asubuhi yake aliuleta umefungwa kwenye kipande cha flaneli, akaurudisha mkobani mwa dada yake.

"Kaa nao. Lakini unapoteza makali haraka. Kila mwezi utauleta niunoe, na ukipita mlango wangu ukaingia kwa mchonga funguo, nitakufuata humohumo. Na huo mkoba uache, niubadilishe bitana."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Daktari alimimina kinywaji, akapapasa mkono, na wanawake wa mstari wa pili wakaacha kujipepea. Malkia safari hii, kila kijakazi alipopapasa, aliutazama ule mkono, halafu akasogeza kikombe karibu zaidi. Hakuna aliyewaeleza watu maana yake, na wote walielewa. Mwalimu, nyuma ya pazia, aliona leso ya kwanza ikitolewa na akajua kwamba kiapo chake kimetimia.

Bi Pindo alikuwa mstari wa mbele. Mchezo aliusikia umesomwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Mfuko wa jambia aliushona mwenyewe. Jambia lenyewe alijua ni kipande cha boksi kilichozungushiwa karatasi ya kung'aa. Malkia alisimama akainua kikombe kwa mikono miwili, na fundi akashika pumzi, na ubavu ukakaa. Daktari akachomoa. Malkia aliliona jambia, akashusha kikombe, akaacha kifua wazi kama mtu aliyekuwa akilingoja. Daktari akachoma. Malkia akaanguka.

Bi Pindo alijikuta amesimama.

"We Daktari!" alipaza sauti. "Inatosha! Huyo ni dada yangu!"

Daktari alibaki na boksi hewani. Halafu kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele kama maji, mpaka waliokuwa wakilia wakawa hawajui leso wanaifutia nini. Mwalimu alijifunika uso kwa karatasi zake zote. Bi Pindo alikuwa bado amesimama, mkono mdomoni, machozi yanamtoka, na jukwaani marehemu alikuwa anatikisika. Alijaribu kufa vizuri, akashindwa, akajigeuza upande wa ukuta akacheka mpaka akaanza kukohoa. Kwenye ubavu ule uliogeukia watu, mshono ulivutika na kurudi, ukavutika na kurudi, na haukuachia.